Kuyaaga Mawimbi Yaliyo Wazi ya Breslin Gap

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Makamishna wa Kaunti ya Tamarack, Bwana Glenn Habecker, Mkuu wetu wa Polisi, Dale Yurkanin, uliyevaa tai leo, jambo ambalo marehemu mama yako angetamani kuliona, Baba Paroko, makapteni na wazima moto wa kujitolea, wenye ukumbi huu, wenzangu wa kituo cha mawasiliano, hasa ninyi wawili mlioshika zamu yangu asubuhi hii ili niweze kusimama hapa, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Naomba mnivumilie. Kazi yangu kwa miaka thelathini na kitu imekuwa kusema maneno machache redioni kwa watu nisiowaona, na leo nimeombwa niseme maneno mengi kwa watu wanaonitazama usoni. Nikisita, msidhani nimesahau. Nimezoea tu kubonyeza kitufe, kusema, kisha kukiachia kitufe na kusubiri mtu ajibu.

Tumekutana kwa mambo mawili. La kwanza ni dogo: mimi, Verna Stofko, nastaafu. La pili ndilo kubwa, na ndilo lililowatoa wengi wenu nyumbani siku ya kazi. Leo saa sita mchana redio ya polisi wa kaunti yetu inahamia kwenye mfumo mpya, na kuanzia saa hiyo mazungumzo yake yatafungwa kwa msimbo wa siri. Askari watasikiana wao kwa wao, na kituo kipya cha kanda kitawasikia. Lakini zile skana zenu, vile viredio vya kunasa mawimbi ya polisi vilivyokaa juu ya majokofu, kwa kinyozi, kwenye karakana na kando ya vitanda vya wagonjwa, zitazunguka zikitafuta, wala hazitapata kitu.

Nani kati yenu hakukua na kiredio hicho jikoni? Nani hakuwahi kunyamazishwa mezani na baba yake, uma wenye pirogi, yale maandazi yetu ya viazi ya kuchemshwa, ukiwa umefika nusu ya safari ya kwenda mdomoni, kwa sababu Kituo, yaani mimi na wenzangu, kinaita? Katika mji huu wa Breslin Gap watu walijua sauti yangu ilipopata mafua kabla daktari hajajua. Nimewahi kusimama kwenye foleni dukani, nikaomba nusu kilo ya nyama ya paja, na mama mmoja mbele yangu akageuka taratibu, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe wewe ni mfupi."

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuja hapa kuwalaumu waliofanya uamuzi huu. Nilikuwepo kwenye vikao, nilizisikia sababu, na sababu moja naijua kuliko yeyote kwa kuwa nilikuwa kwenye kiti. Wengi mnamkumbuka Bibi Bernice Kuzma, anayeishi mtaa wa kanisa, ambaye leo miguu imemzuia kuja. Mwanawe alipopata ajali kwenye kona ya machimbo ya zamani, mimi ndiye niliyesoma namba ya gari lake hewani, kama kazi ilivyonitaka. Askari alikuwa bado njiani kwenda kumpasha habari mama yule kwa heshima inayostahili. Jirani alimtangulia. Alikuwa ameisikia namba kwenye skana, akakimbia na aproni yake, na Bibi Kuzma akaipata habari ya kifo cha mwanawe kutoka ng'ambo ya uzio, akiwa na nguo mbichi mkononi. Mtu aliyeona hilo hawezi kusema kwamba wanaotaka kuyafunga mawimbi hawana hoja. Mimi siwezi.

Lakini nimeombwa niseme kuhusu miaka yangu, na miaka yangu siwezi kuisema bila kumtaja mtu mmoja ambaye hakuajiriwa na kaunti, hakuvaa sare, na wala hakuwahi kusema neno moja kwenye redio ya polisi. Wengi mlimjua. Nazungumza juu ya Emlyn Prosser.

Emlyn alikuwa mchimba makaa, kama baba yake na babu yake. Mgodi ulipofungwa, mapafu yake yalikuwa yameshafungwa nusu. Alibaki kwenye nyumba yao juu ya Mlima Laurel, ile yenye bati jekundu, na mpira wa oksijeni puani, na dirisha linalotazama bonde lote, na skana. Mke hakuwa naye. Alifariki mapema, kama mume wangu alivyofariki mapema. Hatukujuana. Mimi kwake nilikuwa sauti inayoitwa Kituo. Yeye kwangu hakuwa chochote.

Kisha ikaja ile siku ya mafuriko. Wazee mnaikumbuka, vijana mmesimuliwa. Theluji ya mlimani ilikuwa inayeyuka, mvua ikanyesha juu yake tangu alfajiri, na kufikia adhuhuri kijito cha Dutch Hollow hakikuwa kijito tena. Dale Yurkanin, huyu mnayemwona na tai yake, alikuwa askari mgeni kabisa, hata kiatu hakijalegea. Nilimtuma bondeni akazihamishe familia za kando ya maji. Alinijibu, "Kumi-nne, Kituo," yaani nimekusikia, kwa sauti ya mtu anayefurahi kupewa kazi. Muda mfupi baadaye umeme ukakatika mlima mzima, na mnara wetu wa kurushia mawimbi ukazimika.

Kwa wale ambao hawakuwahi kukaa kwenye kiti kile, niseme hivi. Redio ya gari haina nguvu ya kuvuka milima yetu. Sauti ya askari hupanda mpaka mnarani, na mnara ndio huichukua na kuitupa mbali mpaka kituoni. Mnara ukifa, askari aliye bondeni anaweza kupiga kelele kutwa nzima, na mimi nikakaa na vifaa vyangu vyote masikioni nisisikie ila mvumo. Nilimwita Dale. Nikamwita tena. Nikaendelea kumwita. Ndugu zangu, mnajua ukimya wa redio unavyokuwa? Si ukimya wa chumba kitupu. Ni ukimya wa mtu.

Ndipo simu ikalia. Nikaipokea kama tulivyofundishwa, nikauliza dharura ni gani.

"Mimi sina dharura," ilisema sauti ya mwanamume, ikikatikakatika kwa kutafuta pumzi. "Mwenye dharura ni kijana wako. Gari lake limebebwa na maji. Namsikia hapa kwenye skana."

Nilimwambia haiwezekani, kwa sababu mimi mwenyewe simsikii.

"Wewe unausikiliza mnara, mama, na mnara umekufa," akasema. "Mimi namsikiliza yeye."

Ilikuwa kweli. Katika kuchezea skana yake ya betri majira yote ya baridi, kazi ambayo watu wengi mjini waliiona ya kupoteza muda, Emlyn alikuwa ameitegesha ikamate pia yale mawimbi ambayo magari huyarusha kwenda mnarani, si yale tu yanayotoka mnarani kuja kwetu. Na nyumba yake ilikuwa juu, bonde likiwa wazi chini yake. Katika kaunti nzima, huenda yeye peke yake ndiye aliyekuwa anamsikia Dale. Na Dale hakumsikia yeyote.

Nilimwambia asikate simu. Kwa mkono mwingine nikapiga simu hapa ukumbini, kwenye ile ya ukutani kando ya jiko. Kapteni wa wazima moto wakati ule alikuwa Joe Wargo, Mungu amrehemu, na vijana wake walikuwa wameshapanda garini, injini ikiunguruma, waelekee daraja la barabara, maana ndiko nilikokuwa nimesema Dale anakwenda. Lakini Emlyn akanikatiza sikioni: "Anasema daraja la treni. La treni, si la barabara. Maji yamemshusha mpaka huko, gari limekwama kwenye nguzo." Nikamwambia Joe, daraja la treni.

"Nani kasema?" akauliza Joe.

"Mtu wa kwenye skana."

"Mtu gani wa kwenye skana, Verna?"

"Joe, simjui. Nenda tu."

Na Joe akaenda. Kila nikiikumbuka siku ile humshukuru Joe kwa hilo. Alikuwa mbishi, angeweza kuniuliza swali la tatu.

Kutoka hapa mpaka daraja la treni, kwa barabara zilizojaa maji, si mwendo wa haraka. Kwa hiyo tulisubiri, mimi na mtu nisiyemjua, simu ikiwa katikati yetu. Alinipa kila alichosikia: maji yamefika kwenye usukani; kijana amevunja kioo cha nyuma; amepanda juu ya paa; amekivuta kipaza sauti cha redio pamoja na waya wake na bado anazungumza, sauti inapungua. Kisha nikasikia kitu ambacho sikutarajia. Nilimsikia Emlyn akiacha kuzungumza nami, akaigeukia ile skana yake.

"Nakusikia, mwanangu," alikuwa akiiambia. "Nakusikia. Wanakuja. Kaa hapo hapo, usiruke. Nakusikia."

Mnajua, na yeye alijua vizuri kuliko sisi, kwamba skana hupokea tu. Haina pa kusemea. Unaweza kuilalia kifuani ukaililia, na aliye upande wa pili asijue kama upo duniani. Mtu mzima, mwenye akili zake timamu, anayehesabu kila pumzi, alikuwa anazitumia pumzi zake kukiambia kile kisanduku maneno yasiyoweza kufika.

Baada ya muda nikamuuliza kijana anasema nini sasa.

"Sasa hivi anaongea na mama yake," akasema. "Hayo si yako wala si yangu."

Joe na vijana wake walimfikia Dale akiwa ameikumbatia nguzo, gari likiwa limeshakwenda. Walimvuta kwa kamba. Mengine mnayajua, matokeo yake yamekaa pale mstari wa mbele, yana wajukuu wawili.

Dale alipotoka hospitali alipanda mlimani kumshukuru. Alimkuta Emlyn anakula supu, akakaribishwa supu. Alipokusanya ujasiri, akamuuliza kama kweli alikuwa amesikia kila kitu siku ile, hata yale ya mwisho. Emlyn akafuta mdomo.

"Masikio yangu yaliharibiwa na baruti za mgodini, bwana mdogo," akamwambia. "Huwa yanachagua."

Hakuna mtu aliyewahi kujua Dale alisema nini juu ya paa lile, na leo sote hapa hatujui, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kila theluji ilipoanguka tangu mwaka ule, mtu wa kwanza kuonekana na koleo kwenye ngazi za nyumba ya bati jekundu alikuwa askari Yurkanin, na alipopanda cheo, sajini Yurkanin, na alipokuwa mkuu wa polisi mwenye watu wa kuwatuma, bado alikuwa yeye.

Na mimi? Mimi nilibaki na sauti. Nitafanyaje, nami mtu wa sauti? Emlyn alianza kupiga simu Jumapili mchana, kwenye ile namba ya kawaida, si ya dharura, alikuwa mwangalifu sana na hilo. Mwanzoni alikuwa na sababu. Antena ya mlimani inapiga kelele, mwambieni fundi. Gari la tatu linasikika kama liko ndani ya pipa. Baadaye sababu zilimwishia, akawa anasema tu, "Habari, Bi Kituo. Leo umechoka. Nimekusikia tangu asubuhi." Hivi kuna mtu kati yetu asiyetamani kuambiwa hivyo? Nilikuwa nimekaa miaka mingi ndani ya nyumba ambayo nikichoka hakuna anayejua, na kumbe juu ya mlima kulikuwa na mtu anayejua.

Nikapanda mlimani na sahani ya halupki, nyama na wali vilivyofungwa kwenye majani ya kabichi. Akafungua mlango na mtungi wake wa oksijeni nyuma yake kama mbwa mtiifu, akanitazama, na nikasubiri aseme kama yule mama wa dukani. Akasema, "Ndiyo. Ni wewe," akasogea nipite.

Jumapili ile ikazaa nyingine. Nilimuuliza siku moja kwa nini anakaa na skana kutwa, anapata nini katika wizi wa baiskeli na ng'ombe waliotoka zizini. Aliniambia kwamba chini mgodini, gizani, hamwonani. Unajua wenzako wako hai kwa sababu unawasikia wakigonga, wakikohoa, wakitukanana. Ukiacha kusikia, unaweka chini zana zako na kusimama. Tangu mgodi ufungwe, alisema, nyumba yake ilikuwa kama pale mahali pa kuweka chini zana. "Nikiwasikia mnafanya kazi," akasema, "nakaa vizuri."

Watu wameniuliza, na wengine wenu mmeulizana bila kuniuliza, kwa nini hatukuoana. Nilimwambia mimi niko tayari. Akacheka mpaka ikabidi nimwongezee oksijeni. "Nikikuoa utaacha kazi uje kunipikia," akasema, "halafu mchana kutwa nitamsikiliza nani?" Ilikuwa mzaha, na haikuwa mzaha. Nilikubali ibaki hivyo. Siku za kazi yeye alikuwa na sauti yangu, Jumapili mimi nilikuwa na yake. Kuna siku natamani ningembishia kidogo zaidi.

Mwaka juzi, majani ya milimani yakiwa mekundu, nikiwa zamuni mchana, simu iliingia kutoka kwa jirani yake. Alisema Bwana Prosser yuko kwenye kiti chake dirishani na haamki, na redio yake inaongea. Nilimuuliza maswali yote ninayopaswa kuuliza. Nikamwelekeza afanye anachoweza. Kisha nikabonyeza kitufe.

Mabibi na mabwana, ile redio iliyokuwa inaongea chumbani mwake ilikuwa mimi. Nililifahamu hilo nilipofungua mdomo. Niliita gari la wagonjwa, nikataja Mlima Laurel, nikataja namba ya nyumba, nikasema mwanamume, hapumui. Sauti yangu ilikuwa inaingia kwenye chumba kile kama ilivyokuwa ikiingia kila siku, nayo haikutetemeka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na kwa sababu kama alikuwa amebakiwa na kusikia kokote, sikutaka jambo la mwisho atakalosikia liwe mimi nikilia.

Dale ndiye aliyejibu. Hakutumia namba yake wala lugha ya redio.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Naenda mimi mwenyewe."

Nilimaliza zamu. Msininyooshee vidole, ndivyo nilivyotaka.

Siku iliyofuata nilirudi kituoni, na mchana akaja Bibi Kuzma. Ndiyo, yule yule. Baada ya yaliyompata alikuwa amenunua skana yake mwenyewe, kwa kuwa, kama alivyoniambia, hakutaka tena kusubiri jirani. Alikaa mbele yangu, mkoba mapajani. Nilidhani amekuja kwa jambo la polisi.

"Jana ulivuta pumzi," akasema.

Sikumwelewa.

"Kabla ya kutaja namba ya nyumba. Ulivuta pumzi. Nimekusikiliza miaka yote, tangu siku ile ya mwanangu, na hujawahi kuvuta pumzi kabla ya namba." Akanishika mkono. "Nikajua ni mtu wako."

Tukakaa hivyo, yeye na mimi, mpaka gari lilipoita na ikabidi nijibu.

Bwana Habecker, natazama saa yangu na naona nawe unatazama yako. Nimeambiwa zimebaki dakika chache. Sitawaomba makamishna wabadili kitu. Mfumo mpya una nguvu, hautazimika kwa mvua, na askari atakayekwama bondeni kesho atasikika bila kumtegemea mgonjwa mwenye muda. Hilo ni jema, na ningelitaka siku ile kuliko mtu yeyote. Na mama mwingine ataipata habari yake kwa askari aliyevua kofia mlangoni. Nalo ni jema. Lakini naomba niruhusiwe kuyalilia mawimbi yaliyo wazi. Naomba niruhusiwe kutamani kupita Barabara Kuu majira ya joto, madirisha yakiwa wazi, na kusikia kutoka nyumba hadi nyumba sauti ile ile ikimwita mtu aende akamsaidie mtu. Hatutakuwa nayo tena, na wajukuu wetu hawataamini tukiwaambia.

Na Emlyn namkumbuka kwa hamu. Nimesimama hapa kuwaaga wenzangu, na nimeona aibu kulisema, nikaona aibu kutolisema. Tangu alipoondoka, kila asubuhi nilipoketi na kutangaza kwamba Kituo kiko hewani, nilisubiri kidogo kabla ya kuendelea. Wenzangu walidhani nasafisha koo.

Nawashukuru makamishna kwa saa hii nzuri ya ukutani. Nawashukuru wazima moto kwa ukumbi na akina mama wa parokia kwa chakula, ambacho harufu yake imeshaanza kuniondolea wasikilizaji. Namshukuru Dale, mwanangu wa hewani. Nawashukuru askari wote walioniitikia.

Na ninyi watu wa skana, mlio humu ndani na mlioko majumbani, mnaonisikia sasa kwa sababu wenzangu wamekiunganisha kipaza sauti hiki na mawimbi yetu ya redio mpaka saa sita igonge: wengi wenu sijawahi kuwaona, na hamkuwa na njia ya kunijibu. Nilijua mpo. Miaka yote hiyo, hata nilipokuwa naita magari, mlikuwa mnanisikiliza. Asanteni kwa hilo.

Kituo kinaaga.